Utumbo wa mtoto unajua kufukuza minyoo, sisi ndio tunauangusha

Msimu wa kingatiba ukifika, watoto wa shule za msingi hupangwa mstari, kila mmoja akapewa kidonge cha albendazoli cha miligramu 400, akakitafuna mbele ya mwalimu na kurudi darasani. Kazi hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Dawa ni salama, ni rahisi kugawa, na mtoto aliyejaa minyoo anaihitaji leo, asingojeshwe hadi mtaa wao upate vyoo bora. Ninachokipinga ni fikra iliyoota pembeni ya kidonge hicho, kwamba mnyoo hatoki ila kwa dawa, na kwamba mwili wa mtoto umekaa tu, hauna lake. Fikra hiyo imetufanya tuhesabu vidonge vilivyomezwa na tusahau kuuliza ni kitu gani kinauzuia utumbo wa mtoto wa Tandale au Vingunguti, hapa Dar es Salaam, kufanya kazi ambayo umeumbwa kuifanya.

Kazi yenyewe imeanza kueleweka juzi tu. Ukuta wa ndani wa utumbo mwembamba una seli za aina kadhaa: nyingi ni za kufyonza chakula, nyingine hutoa ute, nyingine homoni. Katikati yao zimetawanyika seli chache sana, kwa kawaida pungufu ya 1 katika kila 100, zenye kishungi cha vinyweleo vilivyosimama upande unaotazama chakula. Wataalamu wa darubini walizieleza tangu mwaka 1956, na kwa miaka 60 hakuna aliyejua kwa hakika zinafanya nini. Vitabu vilizichora na kupita. Mwaka 2016 makundi matatu ya watafiti, la Philippe Jay kule Montpellier, Ufaransa, na mawili ya Marekani, la Richard Locksley wa San Francisco na la Wendy Garrett wa Boston, yalichapisha majibu yanayofanana karibu kwa wakati mmoja. Seli hizi za kishungi ndizo zinazohisi kwamba kimelea ameingia utumboni.

Kuzitazama unaweza kudhani ni dhaifu. Hazimuui mnyoo wala hazimgusi. Zinafanya kazi ya mlinzi wa usiku mtaani, ambaye hana bunduki ila filimbi, na filimbi ikilia nyumba zote zinaamka. Filimbi hiyo ni kemikali ya mawasiliano iitwayo interlukini-25. Chini ya ukuta wa utumbo zinakaa seli za kinga za asili za kundi la pili, na hizo zikipata taarifa hutoa kemikali nyingine, interlukini-13. Hii ya pili inarudi ukutani, inashuka hadi kwenye vishimo vidogo ambamo seli shina huzaliana, na kuziamuru zibadilishe uzalishaji: seli za kishungi ziongezeke, seli za ute ziongezeke. Kwa kuwa ukuta wa ndani wa utumbo hujifanya upya kila siku 3 hadi 5, amri hiyo haichukui muda kuonekana. Ndani ya wiki hivi seli za kishungi zinaweza kuongezeka mara kadhaa, ute unakuwa mwingi, maji yanamiminika kutoka ukutani, misuli ya utumbo inajikaza kwa nguvu zaidi, na mnyoo anasukumwa nje. Panya walioambukizwa mnyoo wao mmoja, ndugu wa mbali wa safura zetu, minyoo wanaonyonya damu utumboni, humtoa hivyo ndani ya siku kama 10. Panya walioondolewa uwezo wa kutengeneza seli za kishungi walishindwa, wakabaki na minyoo ile ile waliyopewa.

Linalonishangaza zaidi ni namna seli hizi zinavyohisi. Zinatumia vifaa vya kuonja, sehemu ya mfumo ule ule wa protini ambao ulimi hutumia kutambua uchungu na utamu. Utumbo unaonja kilichomo ndani yake saa zote, bila sisi kujua, na unatoa hukumu. Kwa baadhi ya vimelea imeshajulikana wanaonjwa kwa kitu gani: vile vyenye seli moja hutoa asidi ya suksiniki kama taka yao, na mwaka 2018 ilionyeshwa kwamba seli za kishungi zina kipokezi cha taka hiyo. Kwa minyoo mambo ni magumu zaidi, kwa sababu panya walionyimwa kipokezi hicho bado waliweza kuwafukuza. Kuna njia nyingine ya kumtambua mnyoo, na utafiti unaendelea.

Ute nao usidharauliwe. Watu wengi tunauona kama uchafu, kitu cha kutolewa. Utumbo wenye minyoo hutengeneza aina ya ute ambayo kwa kawaida huwa hautengenezi, inayojulikana kama Muc5ac, na mwaka 2011 ilithibitika kwamba panya wasioweza kuutengeneza hushindwa kumtoa mnyoo mjeledi hata kama kinga yao nyingine iko imara. Ute huo humpunguzia mnyoo nguvu. Mjeledi, kwa wasiomfahamu, ni mnyoo mwenye sehemu ya mbele nyembamba kama uzi, na uzi huo anauchomeka ndani ya seli zenyewe za utumbo mpana. Hasombwi na maji kirahisi. Kwa huyu utumbo una mbinu ya ziada: unaharakisha kuzaliwa kwa seli mpya, zile za zamani alizojichimbia zinasukumwa juu na kumwagwa, naye anapoteza mahali pa kujishikiza.

Mwaka 2024 likaongezeka jambo lililonifanya nisome mara mbili. Seli za kishungi, minyoo wakiwapo, humwaga asetilikolini ndani ya utumbo. Hiyo ni kemikali ambayo neva zetu huitumia kuamuru misuli, na neva za minyoo pia. Inaufanya ukuta umwage maji, na inaelekea pia kuwasumbua minyoo wenyewe. Sasa dawa kadhaa za zamani za minyoo, pirantel, levamisoli na oksanteli, hufanya kazi kwa kuvishambulia vipokezi vya asetilikolini vya mnyoo. Wafamasia walifika huko kwa majaribio ya maabara. Utumbo ulikuwa umeshafika.

Je, haya ni ya panya tu? Binadamu ana seli hizi hizi. Mwaka 2024 watafiti wa Utrecht, Uholanzi, wakitumia vipande vya utumbo wa binadamu vilivyooteshwa maabara, walionyesha kwamba interlukini-4 na 13 huzifanya seli za kishungi zizaliane, na kwamba baadhi yake zinaweza hata kuujenga ukuta upya baada ya kuharibiwa na mionzi. Ipo dalili nyingine, ya hospitalini. Dupilumabi, dawa ya pumu na ukurutu sugu inayoziba njia ya kemikali hizo mbili, huja na maelekezo kwamba mgonjwa mwenye minyoo atibiwe minyoo kwanza kabla ya kuianza. Anayeziba njia hiyo anajua anamfungulia nani mlango.

Kwa nini basi watoto wetu wana minyoo?

Sehemu ya jibu iko kwa minyoo wenyewe. Wameishi nasi tangu zamani za kale na wamejifunza kuizima filimbi. Yupo mnyoo wa panya aitwaye Heligmosomoides polygyrus ambaye huwa hafukuzwi kirahisi, na imegundulika kwamba majimaji anayoyatoa huzuia seli za kishungi na za ute zisiongezeke, na mengine hukamata taarifa za hatari kabla hazijafika kwenye seli za kinga. Minyoo wa binadamu wangekaa mwaka mmoja au miwili ndani ya mtoto vipi, kama nao hawana ujanja wa namna hiyo?

Sehemu nyingine iko kwenye dozi, na hapa ndipo Dar es Salaam inapoingia. Panya akimezeshwa mayai ya mjeledi kama 200 kwa mkupuo, kinga yake huamka ipasavyo na kuwatoa wote. Akimezeshwa machache, chini ya 40, mwili wake huchagua aina ya majibu isiyofaa, na minyoo wanakaa. Watafiti wa Manchester walipowapa panya mayai machache machache, wiki baada ya wiki, minyoo waliongezeka kwanza, na kinga ikaja baadaye kabisa. Ukiangalia ukuta wa utumbo wakati huo ndipo unaona ute umeongezeka na seli zinajibadilisha haraka. Huo ndio mwendo wa mtoto wa mjini. Anameza yai moja leo kwenye embe bichi la chumvi na pilipili, mawili keshokutwa kwenye vidole vilivyokuwa vinacheza gololi, halafu wiki inapita bila kitu. Haishangazi kwamba askarisi, yule mnyoo mkubwa wa mviringo, na mjeledi huwazidia watoto wa umri wa kwenda shule, miaka 5 hadi 15 hivi, kisha hupungua. Mwili unajifunza, ila unajifunza taratibu, na masomo yanalipwa kwa miaka ambayo mtoto alipaswa kukua na kusoma. Safura hata hilo halifanyi, huendelea na mtu mzima, akinyonya damu kila siku.

Mayai hayo yanatoka wapi, kila mkazi wa bonde la Msimbazi anajua. Masika yakianza Machi, Kigogo na Jangwani zinajaa maji, na wapo wenye nyumba wanaongoja mvua hiyo ili watapishe vyoo: wanatoboa shimo ubavuni, kinyesi cha mwaka mzima kinaondoka na mafuriko. Siwatukani wanaofanya hivyo. Gari la majitaka haliingii kwenye kichochoro cha mita moja, na likiweza kuingia bei yake inampita mpangaji anayeuza maandazi. Lakini jike mmoja wa askarisi hutaga mayai hadi 200,000 kwa siku, na yai likikaa kwenye udongo wenye unyevu na kivuli kwa wiki 2 hadi 4 linakuwa tayari kuambukiza, kisha linaweza kungoja miaka. Maji yakishuka, tope linakauka barazani, watoto wanarudi kucheza.

Mimi ni mtu wa maabara, na natamani kila anayepanga bajeti ya afya ya mkoa huu angekaa na darubini asubuhi moja. Unachukua kinyesi cha mtoto, unakipitisha kwenye wavu, unakijaza kwenye tundu la kiolezo linaloingia miligramu 41.7 tu, unakifunika kwa kipande cha selofani kilicholowekwa kwenye gliserini yenye rangi ya kijani, unakigandamiza, unasubiri kiwe angavu. Unaanza na safura, maana ukichelewa mayai yake membamba yanayeyuka machoni pako. Halafu mjeledi, yai la kahawia lenye vizibo viwili vya kung'aa, kimoja kila ncha. Ukishaliona mara moja hulisahau. Unahesabu, unazidisha kwa 24, unapata mayai kwa gramu. Ukifanya hivyo kwa darasa zima unaona jambo ambalo wastani hulificha: watoto wengi wana machache au hawana kabisa, na wachache wana mengi ya kutisha. Wote walimeza kidonge kile kile.

Na kidonge chenyewe tukiseme kwa haki. Kwa askarisi kinafanya kazi vizuri sana. Kwa mjeledi, dozi moja ni hafifu mno. Utafiti uliofanyika kwa watoto wa shule Pemba na kuchapishwa mwaka 2014 ulionyesha kwamba dozi moja ya albendazoli peke yake iliponya asilimia 2.6 tu ya waliokuwa na mjeledi, mebendazoli asilimia 11.8, na albendazoli ikichanganywa na oksanteli asilimia 31.2. Nirudie ya kwanza: 2.6. Hesabu za mayai zilipungua kwa wengine, hilo ni kweli na lina faida, lakini mzazi anayeambiwa mtoto amepewa dawa ya minyoo anaelewa kwamba minyoo wametoka. Tangu hapo juhudi za kuchanganya albendazoli na ivermektini zimesonga mbele, na Pemba imekuwa mstari wa mbele kwenye majaribio hayo pia. Mchanganyiko huo Dar es Salaam tunaufahamu vizuri, kwani ndio tulionyweshwa kwa miaka mingi dhidi ya matende na mabusha. Mahali ambapo mjeledi ndiye anayetawala, sioni sababu ya kuendelea na albendazoli pekee na kuandika kwenye ripoti kwamba lengo limefikiwa.

Chakula nacho. Ute ni protini iliyovikwa sukari, na seli mpya kila baada ya siku chache haziundwi kwa hewa. Panya wanaolishwa chakula chenye protini kidogo hushindwa kuwatoa minyoo ambao wenzao walioshiba huwatoa, na jambo hilo limerudiwa kwenye majaribio tangu zamani. Mtoto anayetoka nyumbani Mbagala na chai ya rangi, akashinda shuleni hadi saa nane na andazi moja, tunamdai ukuta wake wa utumbo ujijenge upya kwa kitu gani? Sahani ya maharage au dagaa mchana ni sehemu ya dawa ya minyoo, na shule zenye mpango wa chakula zinapaswa kuhesabiwa hivyo kwenye mipango ya kingatiba.

Lipo moja hapa ambalo halikukaa nilivyotarajia, nalo ni vitamini A. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani waligundua kwamba panya walionyimwa vitamini hiyo walidhoofika mbele ya bakteria, lakini seli zao za kinga za kundi la pili ziliongezeka na wakawa imara zaidi dhidi ya minyoo. Mwili, kana kwamba unajua njaa na minyoo hufuatana, unahamishia nguvu zake upande huo. Asitokee mtu akasema tusiwape watoto matone. Kukosa vitamini A kunapofua na kunaua, na matone yanayotolewa mara mbili kwa mwaka yaendelee. Nalitaja kwa sababu linaonyesha jinsi ukuta huu ulivyozoea shida, na kwamba hata mtoto mwenye lishe pungufu bado mwili wake unapigana.

Sasa niseme kuhusu biashara inayoniumiza roho. Mitandaoni na mitaani Kariakoo zinauzwa dawa za kusafisha utumbo, eti kuondoa uchafu ulioganda miaka, na muuzaji anaonyesha picha ya utando wa kunata uliotoka kwa mteja kama ushahidi. Dawa nyingi za namna hiyo ni za kuharisha tu. Ukiharisha sana ute unatoka, na ute huo ndio ngao niliyoieleza hapo juu. Wapo wazazi wanaowapa hadi watoto wadogo kwa sababu mtoto anasaga meno usiku au anapenda sukari, na mtaani hizo mbili zimeshahesabiwa kuwa dalili na chanzo cha minyoo. Minyoo haizaliwi na sukari. Yai linaingia kinywani kutoka kwenye udongo wenye kinyesi, au funza wa safura anatoboa ngozi ya mguu usio na kiatu. Mzazi mwenye wasiwasi aende kituo cha afya kinyesi kipimwe. Akishindwa, kidonge cha albendazoli cha duka la dawa kwa dozi ya umri wa mtoto kinashinda chupa yoyote ya kusafisha tumbo.

Ninachopendekeza kwa manispaa zetu kinaweza kujaribiwa bila kungoja mfadhili mkubwa. Wapo vijana jijini wanaonyonya mashimo ya vyoo kwa pampu za mkono na kubeba majitaka kwa pikipiki za magurudumu matatu, wanaofika pale gari kubwa lisipofika. Mtaa mmoja wa Kigogo ulipiwe huduma hiyo, nyumba kwa nyumba, mwezi Februari kabla ya masika, na mwezi huo huo watoto wote wa mtaa wapewe kingatiba ya mchanganyiko, na shule yao ihakikishe chakula cha mchana hadi Juni. Mtaa wa jirani uendelee na kidonge cha kawaida kama sasa, na ukishapimwa upewe huduma hiyo hiyo. Mwishoni mwa Juni watoto wa mitaa yote miwili wapimwe kwa darubini, mayai yahesabiwe kwa gramu, kwa mtoto mmoja mmoja na si kwa wastani wa darasa. Utumbo wa watoto wa mtaa wa kwanza utakuwa umepata miezi minne ya kushindana na mayai machache kwa tumbo lililoshiba. Violezo na selofani ni bei ndogo, darubini zipo, na mafundi wa kuzitumia tupo.